Mchanga wa Mama Kizito

Siku ambayo chujio la maji lilikuwa linaletwa, Phelista alifagia uwanja wake mara mbili. Alipangusa vumbi kwenye picha zote za ukutani, akabadilisha vitambaa vya makochi, kisha akaisogeza meza ndogo ili kona iliyo karibu na dirisha ibaki wazi. Mumewe, Jotham, alipomuuliza kona hiyo inamngojea nani, alimjibu kwamba nyumba nayo inahitaji kupumua.

Saa nne trekta ikaingia njia ya kwao ikiwa imebeba sanduku la saruji, refu kufika kiunoni mwa mtu. Ikapita lango la Phelista bila kupunguza mwendo. Ikasimama hatua thelathini mbele, kwa Roselyne.

Roselyne alikuwa mke wa Mukhisa, mdogo wake Jotham, ambaye alilinda ghala la mahindi la watu huko Trans Nzoia na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Nyumba za ndugu hao wawili zilisimama katika shamba moja la urithi, zimetenganishwa na ua wa michongoma ambao mtu mrefu angeweza kutazama juu yake. Phelista hakuwa mrefu, lakini alijua mahali ambapo ua ulikuwa na pengo. Alisimama hapo na ufagio mkononi, akawatazama wanaume wanne wakilishusha lile sanduku na kulitia ndani kwa Mama Kizito, kama Roselyne alivyoitwa, akahisi kitu kama pilipili kikishuka kooni.

Ulikuwa mwaka wa 2009, na mvua ilikuwa imekata kabisa. Chemchemi ya karibu na kanisa, ambayo wazee walisema haijawahi kukauka, sasa ilitoa uzi mwembamba wa maji, na ndoo zilipangwa foleni tangu alfajiri. Aliyekosa subira alishuka mtoni, akarudi na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kuni za kuchemshia zilikuwa haba kama maji yenyewe. Watoto waliharisha, wakapona, wakaharisha tena. Kwa hiyo habari ya mradi ilipotangazwa kanisani, kwamba kila nyumba kumi zitapewa chujio moja la mchanga, akina mama walipiga makofi hadi mchungaji akawanyamazisha kwa mkono.

Zachary, kijana wa mradi aliyetoka Bungoma kwa pikipiki, alieleza kwamba chujio litawekwa katika nyumba moja na wengine tisa watateka hapo. Nyumba hiyo iwe safi. Mwenyewe awe mtu wa kuaminika. Tena awe anajua kusoma na kuandika, kwa sababu kila siku kuna daftari la kujazwa.

Mambo mawili ya kwanza Phelista alikuwa nayo hadi yakamwagika. Usafi wake ulijulikana mpaka sokoni Bumula. Watu walimwita Mama Hillary, na walisema kwake hata nzi hubisha hodi. Kila Alhamisi ndiye aliyeongoza maombi ya akina mama, na akiomba, watu walilia. Ila hakusoma. Roselyne pia hakuwa amesoma, lakini miaka mitatu nyuma alijiandikisha ngumbaru, akawa anakwenda jioni na daftari kwapani kujifunza a, e, i, o, u pamoja na wazee. Aliyemcheka kuliko wote alikuwa Phelista.

"Mwanamke mzima anabeba daftari kama mtoto wa nasari," aliwahi kusema chemchemini. "Anasoma akuwe nani, chifu?"

Sasa lile daftari lilikuwa limemletea sanduku la saruji. Kabla ya hapo lilimpeleka Kitale siku nne kwa mafunzo, akarudi na cheti na sweta ya kijani aliyonunua huko kwa sababu ya baridi. Phelista aliiona sweta hiyo ikivaliwa Bumula juani, na alijua moyoni mwake kwamba inavaliwa ili watu waulize.

Jioni ya siku ambayo chujio lilikuwa tayari kutumika, wanawake walijaa kwa Roselyne. Maji ya mto yalimwagwa juu yakiwa kahawia, na baada ya muda yakatoka kwenye bomba dogo la pembeni, meupe, yakilia kwenye mtungi. Roselyne alijaza kikombe cha kwanza, akapiga goti kidogo mbele ya Phelista.

"Mama Hillary, anza wewe. Wewe ndiye mkubwa wa hapa."

"Asante," Phelista alisema. "Nimetoka kunywa chai."

Miezi miwili baadaye ujumbe ulifika kutoka Kibomet, kule Kitale. Dada yake Roselyne alikuwa amejifungua kwa upasuaji na hakuwa na wa kumshika mkono. Roselyne alihitaji siku kumi. Dada huyo aliishi chumba kimoja, kwa hiyo Kizito, mtoto wa miaka miwili na nusu, angebaki. Hilo halikuwa gumu. Kizito alikuwa amezoea kupita kwenye pengo la ua na kumfuata mama yake mkubwa kila alikokwenda, akishika pindo la leso. Phelista alimpenda. Hata katika siku ambazo hakuweza kumtazama mama yake usoni, bado alimpenda mtoto.

Asubuhi ya safari Roselyne alimwita Phelista mbele ya chujio, akafunua mfuniko.

"Asubuhi ndoo moja, jioni ndoo moja. Unamwaga polepole juu ya hii sahani iko na matundu. Hapo chini kwa mchanga usiguse, hata kidole. Na hii dawa ya jiki ni ya kuweka kwa mtungi, maji ikishatoka. Ndani ya chujio hapana."

"Kwani mimi ni mtoto?"

"Pole, Mama Hillary. Ni vile tulifundishwa. Kuna kitu inaishi hapo juu ya mchanga, hiyo ndiyo inafanya—"

"Gari itakuacha," Phelista alimkatiza.

Neno hilo, tulifundishwa, ndilo lililomuuma. Angevumilia kuamriwa, hakutaka kufundishwa. Roselyne alisita, akatazama jua, akafunika chujio. Alichukua daftari, akamwonyesha kwamba jana yake maji yalikuwa yanatoka kwa shida, na kwamba alikuwa amekoroga maji ya juu kidogo na kutoa tope, kama alivyoelekezwa, na ameandika. Phelista aliitikia kwa kichwa kana kwamba anasoma. Kisha Roselyne akambusu mtoto, akavaa sweta yake ya kijani, akaenda.

Siku mbili Phelista alifanya kama alivyoambiwa. Siku ya tatu, baada ya kumwaga ndoo ya asubuhi na maji kushuka, aliinua ile sahani yenye matundu.

Alichokiona kilimfanya arudi nyuma. Chini ya maji machache yaliyobaki, juu ya mchanga, kulikuwa na utando wa kahawia, mlaini, unaoteleza, kama mrenda uliolala. Aliugusa kwa ncha ya kidole, akanusa kidole chake. Haukunuka sana, lakini ulikuwa utelezi, na katika maisha yake yote Phelista hakuwahi kuuacha utelezi mahali alipouona, uwe kwenye mtungi au kwenye jiwe la kuogea.

Chukizo ndilo lililokuja kwanza. Furaha ikafuata. Tuseme kweli mbele za Mungu: ilikuwa furaha. Kumbe ndiyo haya maji ambayo kijiji kizima kinayasifu. Kumbe cheti cha Kitale kimelala juu ya uchafu. Aliwaza kumwita Lenah, mwenyekiti wa kikundi, aje ajionee kwa macho yake. Kisha akapata wazo lenye utamu zaidi. Angeosha. Angeosha kama yeye anavyojua kuosha, na Roselyne akirudi atakuta kila mtu ameonja tofauti, ndipo Phelista atasema kwa upole, mbele ya wote, alichokikuta ndani.

Aliutoa mchanga kwa kikombe, kidogo kidogo, mpaka akafika kwenye kokoto. Aliujaza kwenye karai, akaufua kwa sabuni ya unga kama anayefua shuka za wageni, akaumwagia jiki, akauacha ukae, akausuuza mara saba kwa maji ambayo siku nyingine angeyahesabu kikombe kwa kikombe. Akauanika juu ya magunia nyuma ya jiko. Kufikia alasiri ulikuwa unang'aa kama sukari. Aliurudisha ndani, akaupapasa ukalala sawa, akatia ndoo nzima ya maji yenye jiki kwa usalama zaidi. Akafunga macho, akamshukuru Mungu aliyempa mikono.

Jioni hiyo maji yalitoka kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana. Wanawake waliokuja na mitungi walinusa na kutazamana.

"Leo maji inanuka hospitali," Lenah alisema. "Hiyo sasa ndiyo dawa. Mama Hillary, umefanya nini?"

"Usafi tu," Phelista alisema, akamjazia.

Siku mbili maji yakanuka jiki. Siku ya tatu harufu ikapungua, ya nne ikaisha. Maji yalikuwa bado meupe, yakishuka upesi, na aliyeyatazama hakuona kasoro. Nyumba kumi ziliyanywa bila kuyachemsha, kama zilivyozoea.

Siku ya tisa tangu Roselyne aondoke, Kizito aliamka akitapika. Kabla ya saa tatu alikuwa ameharisha mara sita. Phelista alimwogesha, akambadilisha, akamwogesha tena, na kila alipolia kiu alimpa maji, akimshikia kikombe kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa anajua kwamba mtoto anayeharisha anahitaji maji safi. Aliyapata kwenye chujio.

Kufikia adhuhuri mtoto aliacha kulia. Kimya hicho ndicho kilichomtisha. Jotham alimfunga mgongoni mwa Phelista, akawaendesha kwa baiskeli hadi zahanati ya Bumula, na muuguzi alipovuta ngozi ya tumbo la Kizito, ilibaki imesimama kama mkunjo wa kitambaa. Alisema wasikae hata dakika moja, waende Bungoma. Tena akasema huyo ni mtoto wa nne leo kutoka upande wa kwao. Wanakunywa maji gani?

"Ya chujio," Phelista alisema.

"Basi sijui," muuguzi alisema, akaandika.

Jotham alitafuta gari. Phelista alikimbia hadi dukani kwa Zuena, mama aliyeuza vitenge karibu na msikiti na aliyekuwa na simu ya kupigisha watu. Zuena alibonyeza namba za dada wa Kibomet, akampa simu, akajifanya anapanga vitambaa. Phelista alisema Kizito ni mgonjwa, wanampeleka Bungoma. Upande wa pili alikuwa Roselyne mwenyewe.

"Anakunywa maji gani?" Roselyne aliuliza.

"Ya chujio."

"Asante Mungu. Basi si maji. Itakuwa malaria."

Phelista alirudisha simu. Zuena alikataa pesa. "Nenda, mama," alisema. "Mtoto kwanza."

Kizito alilazwa, akawekewa dripu, na baba yake alitoka Trans Nzoia akakaa naye. Daktari alisema watatazama siku mbili au tatu. Hakusema zaidi, na Mukhisa hakuuliza zaidi. Watoto wengine watatu walitibiwa zahanati wakarudi nyumbani. Siku ya pili Zachary alikuja kwa pikipiki, na Roselyne, aliyefika kutoka Kitale usiku na kulala hospitalini akiwa amekaa, aliitwa nyumbani kwa saa moja. Nyumba zote kumi zilikuja.

Zachary alifunua mfuniko, akainua sahani. Akainama kuchungulia.

"Huu mchanga umeoshwa," alisema.

Kisha akaeleza, polepole, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mahali pengi. Juu ya mchanga huota utando. Ukiutazama utasema ni uchafu. Lakini ndani yake kuna viumbe wadogo ambao macho hayaoni, na hao ndio wanaokula vijidudu vya kuharisha. Huchukua wiki tatu, hata mwezi, kuota. Sabuni huwaua. Jiki huwaua. Chujio lisilo na utando ni ndoo ya mchanga tu. Litaondoa tope, halitaondoa ugonjwa.

Phelista alikuwa amesimama karibu na mlango. Alisikia kila neno, na kila neno lilimwingia mahali pake kama msumari unaojua shimo lake.

Zachary aliomba daftari. Akasoma kwa sauti yale maandishi makubwa ya Roselyne, ya siku moja kabla ya safari: maji yanatoka polepole, nimekoroga juu, nimetoa tope vikombe vitatu.

"Ulikoroga mpaka wapi, mama?"

Roselyne alionyesha pingili ya kwanza ya kidole. "Mpaka hapa tu. Vile mlituonyesha."

"Una hakika?"

"Mimi nilikoroga tu maji. Sikutoa mchanga."

"Na aliyebaki nalo?" Lenah aliuliza, akageuka. "Mama Hillary, wewe uligusa huko ndani?"

Uwanja wote ulimtazama. Angesema wakati ule ingekuwa rahisi kuliko ilivyokuja kuwa baadaye, lakini mtu hapewi kujua hayo mapema. Kinywa chake kilijibu kabla hajakiambia.

"Mimi nilimwaga maji tu. Asubuhi na jioni. Vile niliambiwa."

Alimngojea Roselyne apige kelele. Alijiandaa kwa kelele, hata alizitamani, maana alijua jinsi ya kugombana. Roselyne alimtazama kwa macho mekundu ya usingizi, kisha akatazama chini.

"Kama Mama Hillary anasema hakugusa, basi ni mimi," alisema. "Huyu si mtu wa uongo. Pengine nilikoroga sana. Nilikuwa na haraka ya gari. Nimemnywesha mtoto wangu mwenyewe."

Lenah ndiye aliyepokea neno. Alisema kusoma ni kuzuri, hakuna anayekataa, lakini maji yanataka mikono safi, na kila mtu hapa anajua mikono safi iko nyumba gani. Daftari, Hillary akija likizo atamsaidia mama yake. Wanawake wawili walicheka kidogo, kwa aibu. Zachary alisema si kazi yake kuwachagulia, ila kwa kuwa mchanga umeshakufa, chujio linaweza kuhamishwa bila hasara zaidi. Roselyne alikabidhi daftari kwa mikono miwili, akachukua kikapu, akarudi Bungoma.

Wanaume wanne walilibeba kwa miti hadi kwa Phelista. Liliingia katika ile kona karibu na dirisha bila kubakisha upenyo.

Wakati wa chakula cha jioni Jotham alikula nusu ya ugali wake kabla ya kusema.

"Ule mchanga ulikuwa umeanika kwa magunia wiki jana. Ulikuwa wa nini?"

"Wa kusugua sufuria."

Jotham alitafuna. "Ulikuwa mwingi," alisema, akainuka kunawa.

Phelista alipiga magoti kitandani kama kila siku. Alisema, "Baba," akangoja linalofuata. Miaka yote maneno yalikuwa yakimjia kama watoto wanaoitwa chakula. Leo hayakuja. Alisema "Baba" mara ya pili, na kilichomjia ni ile kauli: huyu si mtu wa uongo. Alikuwa amempata Roselyne mahali pote alipotaka kumpata, bila cheti, bila chujio, bila heshima. Na bado Roselyne alikuwa na kitu kimoja ambacho yeye hakuwa nacho tena, akamwonea wivu hata kwa hicho.

Asubuhi alichemsha maji, akajaza chupa ya chai, akaenda Bungoma.

Kizito alikuwa amelala chali, mkono mmoja umefungwa kwenye kipande cha boksi ili dripu isitoke. Macho yake yalikuwa yamezama. Sweta ya kijani ilikuwa imekunjwa chini ya kichwa chake.

"Mama mkubwa," mtoto alisema. "Maji."

Phelista alimtazama Roselyne kuomba ruhusa, akampa kijiko kimoja kimoja. Alipomaliza aliweka kijiko chini.

"Ni mimi niliosha mchanga."

Roselyne alikuwa anapanga nguo. Mikono yake iliendelea kupanga.

"Lini?"

"Siku ya tatu. Niliona ule utando nikajua ni uchafu. Niliufua na sabuni. Na jiki."

"Na jana ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Nikasema ni mimi, ukanisikia, ukanyamaza."

"Nilitaka ionekane wewe ndiye mchafu." Sauti ya Phelista ilikuwa ndogo, kavu. "Hiyo tangu mwanzo. Tangu trekta ipite kwangu."

Roselyne aliiweka nguo ya mwisho juu ya nyingine, akaisawazisha kwa kiganja, akamtazama.

"Nilikuheshimu sana," alisema. "Hata ngumbaru ukinicheka, nilisema, huyo ni dada mkubwa, atazoea." Alivuta pumzi. "Mama Hillary, uliongea mbele ya watu. Enda uongee mbele ya watu. Mimi usiniambie pole hapa. Hapa niko na mtoto."

Alhamisi, katika maombi ya akina mama, Phelista alisimama akaeleza yote, kuanzia ile kona aliyoiacha wazi hadi magunia nyuma ya jiko. Hakulia, aliogopa kwamba akilia watamhurumia. Alipokaa chini, Lenah alikohoa, akamwomba mama mwingine afunge kwa sala. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa.

Wale wanaume wanne waliitwa tena, kulirudisha chujio kwa Roselyne.

"Hii imekuwa maiti bana," mmoja alisema akiweka mti begani. "Ati kila wiki tunaibeba?"

Zachary alimpa Roselyne maagizo mapya. Chujio lilishwe maji ya chanzo kilekile kila siku, pasipo kukosa, na maji yanayotoka yasinywewe bila kuchemshwa mpaka mwezi uishe na ayapime. Roselyne aliyasikiliza, akaandika, kisha akapaza sauti kuelekea kwenye pengo la ua.

"Ndoo mbili kila siku. Ni zako."

Phelista alizibeba. Chemchemi ilikuwa bado uzi, na foleni ilikuwa ndefu, na waliokuwa kwenye foleni walikuwa na midomo. "Mama Hillary, usisahau sabuni," mmoja alimwambia siku ya kwanza, na ya pili, na siku ya tano wengine wakaimba naye. Alibeba. Aliingia nyumba ya mwenzake, akamwaga polepole juu ya sahani, akangoja maji yashuke, akatoka. Roselyne hakumkaribisha kiti. Kila siku Roselyne aliandika mstari mmoja daftarini, na Phelista, aliyekuwa hajui kusoma, alijifunza kuutambua mstari wake kwa sababu ulianza na herufi ileile kila siku.

Kizito alirudi nyumbani siku ya sita ya kulazwa, amekonda, mwenye hasira za wagonjwa. Wiki mbili alizuiliwa kupita pengo la ua. Siku moja alipita tu, na hakuna aliyemwita arudi.

Wivu haukuondoka. Phelista angependa kusema uliondoka, lakini alikuwa amechoka na uongo. Mgeni wa mradi kutoka Kitale alipokuja kumpiga Roselyne picha kando ya chujio, pilipili ilishuka kooni palepale pa zamani. Tofauti ni kwamba sasa aliitaja. Aliporudi kupiga magoti, maneno yalianza kumjia, machache, yasiyo na mapambo: Baba, leo pia nimeona wivu. Kesho nitabeba maji.

Siku ya ishirini na sita, akingoja maji yashuke, aliinua sahani. Ulikuwepo. Mwembamba, wa kahawia, umetanda juu ya ule mchanga mweupe alioutia mikono yake yote. Vidole vyake viliwasha. Akarudisha sahani, akafunika.

Mwezi ulipokwisha Zachary alichukua maji kwenye chupa ndogo, akaenda nayo Bungoma, akarudi baada ya siku chache akasema yako sawa. Jioni hiyo Roselyne alimwita Phelista. Alijaza kikombe kwenye bomba, akamnyooshea. Safari hii hakupiga goti.

"Anza wewe."

Phelista aliyanywa yote, hadi tone la mwisho, akarudisha kikombe. Alingoja Roselyne ajaze cha pili. Roselyne alikisuuza, akakiangika.

"Tungoje siku tatu," alisema.

Siku ya kwanza Phelista aliendelea na kazi zake. Siku ya pili alijisikiliza tumbo kama mtu anayesikiliza mlango. Asubuhi ya siku ya tatu alikuwa anafagia uwanja aliposikia maji yakilia kwenye kitu kidogo, upande wa pili wa ua. Alichungulia kwenye pengo. Roselyne alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha plastiki cha Kizito, kimejaa, na mtoto alikuwa anakirukia. Hakumpa. Alikishika juu, akatazama kuelekea nyumba ya jirani, akitafuta.

Phelista aliweka ufagio chini. Akajinyoosha, akatoka kwenye kivuli cha ua, akasimama juani, wima, mikono yote miwili ikionekana, ili atazamwe vizuri.

Roselyne alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akainama, akampa mtoto.